Nani Akague Kiraka? Kukasimu Ukaguzi katika Programu Huria

Mwezi Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Kenya ilisema kwamba mfumo wa kompyuta wa huduma za afya unaotarajiwa kugharimu shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali, na kwamba serikali haiudhibiti. Swali la wananchi likawa moja: mfumo huu ni wa nani? Ni swali la haki, ila limezaa mkanganyiko wa pili. Wako wanaoona kwamba tiba ni programu huria, kwa kuwa hiyo "ni ya kila mtu". Wako pia wanaoiogopa programu huria kwa sababu iyo hiyo: kama ni ya kila mtu, basi kijana yeyote aliyeketi kwenye saiba mjini Voi anaweza kuingia, akabadilisha atakavyo na kuvuruga rekodi za wagonjwa. Pande zote mbili zimejikwaa kwenye kisiki kimoja.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuunakili na kupendekeza badiliko. Kuliingiza badiliko hilo kwenye nakala rasmi, ile ambayo hospitali, benki na simu huipokea, si ruhusa ya kila mtu. Kati ya pendekezo na nakala rasmi yupo mtu anayesoma na kusema ndiyo au la. Kwa hiyo swali la nani anamiliki linaacha nje jambo zito zaidi: nani anakagua, nani alimpa mamlaka hayo, na yeye anakaguliwa na nani. Miradi mikubwa imelijibu kwa kukasimu, yaani kugawa programu katika vitengo na kukabidhi ukaguzi wa kila kitengo kwa mtunzaji wake. Makala haya yanapima kama huo ni uamuzi wa busara, na unatufaa vipi sisi tulio mbali na makao makuu ya miradi hiyo.

Kiraka na njia yake

Pendekezo la badiliko huitwa kiraka. Ni maandishi yanayosema: futa mistari hii, weka mingine mahali pake. Huenda kikawa na mstari mmoja, huenda kikawa na elfu. Anayekipeleka hueleza pia, kwa maneno ya kawaida, sababu ya badiliko. Mkaguzi hukisoma, huuliza, hukirudisha mara mbili tatu kikarekebishwe, kisha hukipitisha au hukikataa. Kuandika msimbo kumekuwa rahisi mwaka hadi mwaka, na siku hizi mashine zenyewe zinauandika. Kuusoma msimbo wa mwenzako hadi uthubutu kusema "huu hautavunja kitu" kungali kazi ya kuumiza kichwa, tena isiyo na sifa. Anayeandika hupongezwa. Anayekagua hukumbukwa siku mambo yakiharibika.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kiini cha Linux, programu iliyo chini ya kila simu ya Android, ikiwamo ya wakala wa M-Pesa pale stendi ya Voi. Linus Torvalds alikitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na kwa miaka mingi viraka viliishia mikononi mwake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 malalamiko yalikuwa yamejaa: viraka vinatumwa, havijibiwi, vinatumwa tena, vinapotea tena. Januari 2002 mwandishi wa programu Rob Landley alipendekeza hadharani ateuliwe mtu wa kukusanya na kuunganisha viraka vinavyosahaulika. Torvalds hakulikubali pendekezo hilo kwa sura yake. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye hufanya kazi na watu wachache anaowaamini, nao wana wao wanaowaamini. Maana yake, ngazi ilikwisha kuwapo. Kilichokosekana ni chombo cha kuipandia. Mwaka huohuo akaanza kutumia programu ya BitKeeper, na mwaka 2005, ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa, akaandika Git. Git inampa kila mtunzaji nakala kamili ya mradi. Wa chini huandaa, wa juu huvuta.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini njia nyingine haikuwapo. Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kwa kawaida hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Gawanya kwa siku 63 za wiki 9, upate takriban 159 kwa siku. Mtu mmoja akitumia dakika 10 tu kwa kila badiliko, bila kula wala kulala, atahitaji saa 26 katika siku yenye saa 24. Mjadala wa kukasimu au kutokasimu, kwa mradi wa ukubwa huo, ulikwishaamuliwa na saa ya ukutani. Uliobaki ni wa namna ya kukasimu.

Namna yenyewe imeandikwa kwenye faili moja la maandishi liitwalo MAINTAINERS. Kila kitengo kina maingizo yake, na kila mstari huanza kwa herufi. M ni jina na barua pepe ya mtunzaji. R ni mkaguzi aliyeteuliwa, asiye mtunzaji, lakini anayetaka kuona kila kiraka kabla hakijapita. F ni orodha ya mafaili yaliyo chini ya kitengo hicho. S ni hali: kuna anayelipwa kukitunza, kuna anayekitunza bila kulipwa, kuna anayekichungulia mara mojamoja, au kitengo ni yatima. Neno hilo "yatima" si mbwembwe zangu, ndilo wanalolitumia. Tangu mwaka 2004, baada ya kesi ya kampuni ya SCO iliyodai kwamba msimbo wake umeingizwa kwenye Linux, kila mkono unaokipitisha kiraka huongeza mstari wa sahihi yake. Kiraka kilichopita kwa watu watatu kinafika juu kikiwa na sahihi tatu, mfano wa karatasi ya ofisini iliyopigwa mihuri meza baada ya meza, isipokuwa mihuri hii yeyote duniani anaweza kuisoma.

Hoja ya mlango mmoja

Wapo wanaosema kukasimu ni kulegeza. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mlango ukiwa mmoja, usanifu wote unatoka kichwa kimoja, sehemu za programu zinafanana tabia, na kosa likitokea lina mwenyewe. Ushahidi wao mzuri ni SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo kwenye karibu kila simu. Msimbo wake uko wazi kabisa, lakini timu yake ndogo chini ya Richard Hipp kwa kawaida haipokei viraka kutoka nje. DHIS2 nayo, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, kiini chake huandaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Nchi zinazoutumia huupanga kwa mahitaji yao kwa kubadilisha mipangilio na kuongeza programu za pembeni, bila kulazimika kugusa kiini.

Mifano hiyo ina siri yake. SQLite ni ndogo, kazi yake haibadiliki sana, na watunzaji wake wanalipwa. Ondoa moja kati ya hayo matatu na mlango mmoja unageuka foleni. Isitoshe, mlinda mlango ni binadamu. Guido van Rossum, aliyeanzisha lugha ya Python na kuwa msemaji wa mwisho kwa karibu miaka 30, alijiuzulu nafasi hiyo Julai 2018 baada ya mzozo uliomchosha kuhusu badiliko moja tu la lugha. Alipoondoka, wenzake ilibidi waketi wabuni utaratibu wa uongozi ambao haukuwapo. Mlango mmoja hufanya kazi vizuri hadi siku bawabu anapougua.

Kukasimu, na bei yake

Msomaji wa Kenya ana faida hapa, kwa sababu lugha ya siasa yetu imemfundisha kutenganisha mambo mawili. Kukasimu ni mkubwa kumpa mdogo sehemu ya mamlaka yake, akibaki na uwezo wa kuirudisha. Kugatua ni sheria kuyaweka mamlaka mahali pengine, hata mkubwa asipopenda. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 halikuikasimia Kaunti ya Taita Taveta hospitali zake. Lilizigatua, na hospitali za rufaa za kitaifa na sera zikabaki Nairobi. Linux haina Jedwali la Nne. Mtunzaji wa kitengo anakaa kwa imani ya aliye juu yake, na imani hiyo ikitoweka hakuna mahakama ya kumrudisha.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi Februari 2025. Christoph Hellwig, aliyekuwa mtunzaji wa sehemu inayosimamia namna vifaa vinavyosoma kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja, alipinga kiraka cha kuiwezesha lugha ya Rust kuitumia sehemu hiyo, ijapokuwa kiraka chenyewe hakikugusa mafaili yake. Mzozo ukawaka, na Hector Martin, aliyekuwa akitunza msimbo wa Linux kwa kompyuta za Apple, akajiuzulu. Mwishowe Torvalds aliamua kwamba mtunzaji ana neno juu ya msimbo wake, lakini hana kura ya turufu juu ya wale wanaoutumia. Hapo kuna somo lisilopatikana kwenye mchoro wowote wa uongozi: kukasimu bila kuandika mpaka wa mamlaka huzaa vijifalme, na mpaka huo huchorwa siku ya ugomvi, mbele ya watu, kwa gharama ya mtu mmoja kuondoka.

Bei ya pili ni kwamba mamlaka yaliyokasimiwa huondoka pia kwa sababu zisizohusu msimbo. Oktoba 2024 watunzaji kadhaa wenye uhusiano na Urusi waliondolewa kwenye faili la MAINTAINERS kwa hoja ya kutii vikwazo vya kisheria. Sihukumu uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba mtu anayeamini programu huria haina nchi anapaswa kulisoma faili hilo upya. Linatunzwa na watu walio chini ya sheria za mahali fulani, na wengi wao wanalipwa na makampuni ya mahali fulani.

Bei inayotajwa mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni ya usaliti. Wapinzani wa kukasimu huleta kesi ya xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo kwenye seva nyingi za Linux. Mtunzaji wake, Lasse Collin, alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa kujitolea, akiwa amechoka, na mwaka 2022 akaanza kusukumwa na watu wasiojulikana akabidhi kazi kwa mwingine. Mwingine mwenyewe alikuwa tayari: akaunti yenye jina Jia Tan, iliyokuwa ikileta viraka vizuri tangu 2021. Akapewa imani, akapewa ufunguo, na mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa takriban nusu sekunde. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla mlango huo haujasambaa kwenye seva nyingi za dunia.

Je, hiyo si hukumu dhidi ya kukasimu? Itazame tena. Hapakuwa na ngazi. Hapakuwa na mkaguzi wa pili wala sahihi tatu. Palikuwa na mtu mmoja aliyelemewa, akamkabidhi mtu mmoja mwingine, na sehemu muhimu ya hila ikafichwa kwenye kifurushi cha kutolewa, si kwenye hazina ya msimbo ambako wengine wangeisoma. Xz ni kesi ya mlango mmoja uliobadilisha bawabu usiku. Kinyume chake ni tukio la Aprili 2021, ilipobainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamepeleka viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama ukaguzi wa Linux unaweza kudanganywa. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, alikifungia chuo kizima, na watunzaji wa vitengo wakarudi kuvipitia viraka vya chuo hicho kimoja baada ya kingine. Ukaguzi unaweza kudanganywa. Hilo halina ubishi. Lakini kurudi nyuma kuliwezekana kwa sababu kila kiraka kilikuwa na njia yake iliyoandikwa, na kila kitengo kilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kundi badala ya mtu

Njia ya kati ni kukasimu kwa kundi. Apache, taasisi iliyoundwa 1999, huwapa watu kadhaa wa mradi haki ya kuingiza mabadiliko, na yeyote kati yao anaweza kuzuia kiraka akitoa sababu ya kitaalamu. Mradi wa Kubernetes huweka ndani ya folda zake faili linalotaja wakaguzi na waidhinishaji, wakiwa makundi mawili tofauti. Uzuri wake ni kwamba mtu akiugua, akiacha kazi au akinunuliwa, kitengo hakifi. Ubaya wake unajulikana na kila aliyewahi kuwa kwenye kamati: cha wote hakina mwenyewe, na kiraka kigumu huachwa kila mtu akidhani mwenzake atakisoma. Kwa hiyo kundi linalofaa ni dogo, na majina yake yako wazi.

Kidawida kama kitengo

Mambo haya yana sura yake Taita Taveta, na wala si ya kufikirika. Watafiti wa Kenya wakiongozwa na Audrey Mbogho wa chuo kikuu cha USIU-Africa wamekusanya matini na sauti za Kidawida, moja ya lugha za kaunti hiyo, pamoja na Kikalenjin na Kidholuo, na sauti zikapelekwa kwenye Common Voice, mradi huria wa Mozilla ulioanza mwaka 2017 kwa ajili ya kufundisha kompyuta kusikia lugha za watu. Utaratibu wake wa ukaguzi ni mwepisi kueleza. Mchangiaji husoma sentensi na kujirekodi. Msikilizaji mwingine huiona sentensi, huisikiliza sauti, kisha hubofya ndiyo au hapana. Ndiyo mbili zikitimia, sauti inaingia kwenye hazina. Tafsiri za vitufe na maelezo ya tovuti nazo hupita kwenye Pontoon, chombo cha Mozilla ambamo mtu yeyote hupendekeza neno na wasimamizi wa lugha husika ndio huidhinisha. Kila lugha, kwa maana hiyo, ni kitengo chenye watunzaji wake.

Hapa hoja ya mlango mmoja haina hata pa kusimama. Chukua ritifaa ile inayoonekana wengi wanapoandika Kidaw'ida. Mhandisi aliyeko Berlin au San Francisco, akisafisha matini kwa amri moja ya kufuta alama zisizo herufi, ataiona kama takataka ya uchapaji. Kwa anayeijua lugha, w yenye ritifaa na w ya kawaida ni sauti mbili. Kiraka cha mstari mmoja, kilichoandikwa kwa nia njema na kukaguliwa na mtaalamu hodari wa kompyuta, kingeweza kuzichanganya sauti hizo kwenye kila sentensi ya hazina, na majaribio yote ya mashine yangepita bila hitilafu. Kosa hilo ni la aina ambayo ujuzi wa programu hauwezi kulikamata. Anayeweza yuko Wundanyi, Mgange au Mwatate.

Ila kukasimu hakuishii kwenye furaha hiyo. Kidawida husemwa kwa ladha tofauti kutoka kilima hadi kilima. Kisaghala cha milima iliyo jirani na Voi, na Kitaveta cha kule mpakani, ni lugha nyingine, ijapokuwa wageni huipaka kaunti nzima jina moja. Wakaguzi wawili wa upande mmoja wa milima wanaweza kubofya hapana kwa matamshi ya Kasigau, si kwa ubaya, bali kwa kuamini kwamba yao ndiyo sahihi. Common Voice haimfanyii msikilizaji mtihani wa lugha, na haimuulizi sababu ya hapana yake. Mamlaka yamefika karibu na ujuzi, lakini yamefika bila kumbukumbu ya maneno. Linux humtarajia anayekataa kiraka aeleze kwa nini, mbele ya wote, na Apache halikadhalika. Mbofyo mtupu hauwezi kukatiwa rufaa, na kwa lugha yenye wasemaji wachache hilo ni pengo kubwa. Kaunti nzima ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya 2019, na si wote wanaosema Kidawida. Kila sauti inayotupwa kwa makosa ni hasara inayohesabika.

Fomu za kliniki na fedha zilizokatika

Kesi ya pili inagusa uhai. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianzishwa mwaka 2004, na Februari 2006 ukaanza kutumika Eldoret chini ya mpango wa AMPATH. Ulijengwa kwa kiini kidogo kinachozungukwa na moduli, kila moduli ikiwa na wenyewe, ili nchi ziongeze mahitaji yao bila kungoja kiini kibadilishwe. Kenya ikajijengea juu yake KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo, hasa kliniki za HIV.

Angalia kiraka kinavyozaliwa. Kenya ilipoifanya dawa ya dolutegravir kuwa msingi wa tiba ya kwanza ya HIV mahali pa efavirenz, kuanzia miaka ya 2017 na 2018, orodha za dawa kwenye mfumo zilipaswa kufuata, na vivyo hivyo fomu na tahadhari zinazomtokea daktari kwenye skrini. Mwandishi wa OpenMRS aliye ughaibuni anaweza kuthibitisha kwamba msimbo huo hauvunji hifadhidata. Hana namna ya kujua kama mwongozo wa Wizara ya Afya umefuatwa, wala kama fomu mpya inalingana na maswali ambayo karani wa rekodi humuuliza mgonjwa aliyetoka Kasigau na anayetaka kuwahi matatu ya kurudi. Kwa hiyo ukaguzi una sehemu mbili, usalama na maana, na ni nadra mtu mmoja kuziweza zote. Miradi mingi hukasimu ule wa kwanza kwa utaratibu mzuri na kuuachia wa pili bahati.

Kisha kuna mshahara. Sehemu kubwa ya utunzaji wa KenyaEMR ililipiwa na fedha za Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada ya nje, na USAID ikaja kufungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo, msimbo haukuibwa na leseni haikufutwa. Kila mstari ulibaki wazi kwa Kenya na kwa kaunti zake. Uliotikisika ni uhakika wa nani atausoma. Hili ndilo jibu kwa wanaotaka programu huria ili tu "iwe yetu": msimbo unaweza kuwa wetu kwa karatasi na bado ukawa yatima.

Pingamizi mbili, na mizani

Pingamizi la kwanza ni kwamba hospitali si uwanja wa majaribio. Ukaguzi ukisambazwa hadi kaunti, nani atazuia fujo? Jibu ni kwamba kukasimu hakufuti mlango wa mwisho. Linux ina dirisha la wiki mbili tu la kuunganisha mambo mapya katika kila toleo, na tangu mwaka 2008 kazi za watunzaji hukusanywa na kujaribiwa pamoja kabla dirisha halijafunguliwa. Aliye juu hasomi kila mstari. Anasoma kama vipande vinakaa pamoja. Usalama ubaki na lango la pamoja, na maana ikaguliwe kule inakotumika.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: kaunti kama Taita Taveta haina watu wa kazi hiyo. Kwa upande mmoja ni kweli. Mtunzaji wa kiini hapatikani kwa semina ya siku tatu. Lakini pingamizi hili linadhani ukaguzi wote ni wa aina moja. Herufi R katika faili lile la Linux iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na ufunguo wa mlango lakini mwenye haki ya kuonyeshwa kila kiraka kinachogusa eneo lake. Afisa wa rekodi za afya katika hospitali ya Voi hahitaji kujua lugha ya kompyuta ya Java ili aseme kwamba fomu hii inauliza jambo moja mara mbili. Mwalimu mstaafu wa Werugha hahitaji kuijua ili ailinde ritifaa. Na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016 na kinachofundisha informatiki hapo hapo Voi, kina wanafunzi wanaohitaji miradi ya kumalizia shahada. Kusoma viraka vya wengine kwa mwaka mmoja kunamfundisha mwanafunzi mengi kuliko mfumo mwingine wa kusajili maktaba ambao hakuna maktaba itakayoutumia.

Nikipima yote, upande wa kukasimu ni mzito, lakini si kukasimu kwa aina yoyote. Kunafaa pale mpaka wa kitengo unapolingana na mpaka wa ujuzi, kama lugha, fomu au kifaa, na kunakwama pale mpaka unapochorwa kwa kufuata ofisi au mfadhili. Kitengo cha mtu mmoja kihesabiwe kuwa kiko hatarini hata kama mtu huyo ni malaika. Collin hakukosa uadilifu, alikosa mwenzake. Anayekataa aandike sababu. Na nafasi ya mtunzaji iwe na mwisho, au angalau swali linaloulizwa kila mwaka: bado upo?

Kwa KenyaEMR, maana yake ni kila moduli kuwa na majina mawili, moja la mwandishi wa msimbo na moja la mhudumu wa afya, na angalau mmoja kati ya watu hao alipwe kutoka bajeti ya umma badala ya mradi wa wafadhili. Kwa Kidawida, maana yake ni wakaguzi kutoka vilima tofauti, na hapana inayoeleza kosa ni nini. Hakuna kati ya hayo linalongoja sheria mpya wala kandarasi ya mabilioni. Hazina za msimbo ziko wazi, na faili la MAINTAINERS liko wazi, hata kwa yule kijana aliyeketi saiba Voi. Kufuta rekodi ya mgonjwa hataweza. Kuisoma orodha, akatafuta kitengo chenye neno "yatima" na kutuma kiraka chake cha kwanza, anaweza leo.